Ufunguo wa Kwa Filomena

Mheshimiwa mgeni rasmi, Makamu Mkuu wa Chuo chetu. Mheshimiwa Mkuu wa Ndaki. Baba Padri uliyetufungulia kwa sala, na Shehe uliyetuombea dua. Wazee wa ukoo mlioshuka alfajiri ya leo kutoka Mgeta mkiongozwa na Mzee Leonard, mjomba wa mstaafu wetu, shikamooni. Ndugu walimu wenzangu, wanafunzi wa zamani na wa sasa, majirani wa Mafiga, wageni waalikwa wote. Na mwisho kabisa, kwa kuwa itifaki imeniamuru nimtaje mwisho ingawa watu wote humu mmekuja kwa ajili yake, Profesa Filomena Kobelo, mtani wangu: habari za mchana.

Kwa msionijua, mimi ni Daktari Yunusi Mihayo, mwalimu wa fiziolojia, Mnyamwezi wa Tabora. Chumba changu kipo mkono wa kushoto ukiingia jengo letu. Wengi wenu hamkijui, maana mkifika mlangoni mnageuka kulia. Kulia ni kwa Filomena. Hata mwenye bodaboda ukimwambia akupeleke maabara ya neva atakuuliza, "Kwa Filomena?" na wewe utasema ndiyo, hata kama unakuja kuniona mimi.

Kamati ya sherehe ilipokaa kutafuta msemaji, mwenyekiti wake, Bi Anastasia, alinijia akicheka tangu kwenye korido. "Daktari, tumekuchagua wewe. Wewe ni mtani wake, na mtani ndiye anayejua kusema." Nikamwuliza, "Mmesahau kwamba niliomba uprofesa pamoja naye, yeye akapata mimi nikakosa?" Akazidi kucheka. "Ndiyo hayo hayo tunayoyataka! Njoo uyaseme, watu wafurahi."

Hapo ndipo kamati ilipokosea, ndugu wageni waalikwa. Sisi huku tumezoea kwamba Mnyamwezi akisimama mbele ya Mluguru, lolote litakalotoka kinywani mwake ni utani, na atakayekasirika ndiye mwenye aibu. Ningeweza kusema kwamba Waluguru wamezoea milima hadi kwenye lami wanatembea wameinama, nanyi mkapiga makofi. Naye angejibu kwamba Wanyamwezi tulikuja hapa tumebeba mizigo ya watu kichwani, tukasahau kuitua. Mngecheka, tungekula pilau, tungeondoka. Lakini leo sina utani mfukoni. Nina wivu. Nimekuwa nao zaidi ya miaka thelathini, nao haujawahi kuugua hata mafua. Mnaona sasa? Mnacheka. Naapa sitanii, na kadiri ninavyoapa ndivyo mnavyocheka. Haya, chekeni, mimi naendelea.

Ratiba mlizo nazo mikononi zinasema kwamba nikimaliza kusema, Profesa atakabidhi ufunguo wa maabara, na mimi nitaupokea. Aliyeandika ratiba ametangulia mambo. Mimi sijakubali. Mheshimiwa Makamu Mkuu ni shahidi: aliponiita na kuniambia kwamba nafasi ya mkuu wa maabara ni yangu, nilimwomba nijibu leo, hapa, mbele ya watu. Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa anayekataa dawa aliyoililia mwenyewe. Naomba radhi, Mheshimiwa, sikukueleza sababu. Sababu ni hii.

Siku chache kabla ya hapo, tulikuwa chumba cha chai. Profesa akaweka kikombe chini, akasema kwa ile sauti yake ya mtu anayeulizia bei ya njegere, "Mtani, nasikia utakalia kiti changu."

Nikasema, "Hata mimi nasikia hivyo."

"Basi ujue mapema. Kwetu mlimani, mtu akirithi kiti cha mkubwa wa ukoo, anarithi na jina. Haitwi tena jina lake la zamani. Watoto wanamwamkia kwa jina la yule aliyetangulia. Ukipokea ufunguo wangu, wewe ndiye Filomena."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bwana Hamisi wa uhasibu akamwaga chai kwenye suruali. Mimi pia nilicheka, kwa meno tu, kisha nikaenda nyumbani nikakataa chakula. Mke wangu akaniuliza nina nini, nikasema tumbo. Si tumbo. Lilikuwa jina. Jina hilo nimelisikia kwenye korido, kwenye mikutano, kwenye redio, kwenye midomo ya wanafunzi niliowafundisha mimi tangu mwaka wa kwanza, na kila nikilisikia kuna kitu kinanichoma hapa. Sasa mwenye jina anaondoka, nami naambiwa niliitikie! Je, ninyi mngekubali?

Ili mnielewe, naomba mniruhusu nifundishe kidogo. Najua mna njaa. Sitachukua muda mrefu, na nitawafundisha kitu ambacho Profesa amekifundisha vizuri kuliko mimi. Hilo nalo linauma, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Unapotaka kunyanyua kikombe, amri inatoka kwenye ubongo, inashuka kwenye uti wa mgongo, inasafiri ndani ya neva hadi kwenye ncha yake, pale neva inapokutana na msuli. Ile ncha haigusi msuli kabisa. Kuna mwanya mwembamba mno katikati. Ncha imejaa vifuko vidogo vidogo vyenye kemikali. Amri ikifika, kuna protini zinazovivuta vile vifuko hadi ukingoni na kuvifungua, kemikali inavuka mwanya, msuli unajikaza, chai inafika mdomoni. Na kama una bahati mbaya kama Bwana Hamisi, inafika kwenye suruali.

Sasa sikilizeni ninachotaka mkijue. Mnyama anayenyonyesha, awe panya, awe ng'ombe, awe mimi na wewe, hazaliwi na mpangilio huo ukiwa tayari. Kitoto cha panya kinapozaliwa, kila uzi mmoja wa msuli umeshikwa na ncha kadhaa za neva kwa pamoja. Zote zimefika mahali pamoja, zote zinataka kutoa amri. Nafasi ni moja. Katika wiki za mwanzo za maisha ya kile kitoto, ncha zile zinagombea. Inayofanya kazi kwa nguvu zaidi inapata kutoka kwenye msuli protini inayoiambia: kaa, nenepa, tanua mizizi. Jirani yake, watafiti wengi wanaamini, anapewa protini ile ile ikiwa bado haijakomaa, na hiyo inamwambia kinyume: rudi nyuma. Ncha iliyoshindwa inanywea, inajikunja, inaondoka. Mshindi anatanda hadi pale alipokuwa jirani yake. Mwisho, kila uzi unabaki na mwenyewe mmoja.

Mara ya kwanza nilipoliona jambo hilo kwa macho yangu nilikuwa kijana, nimetoka masomoni, nina tai mpya. Marehemu Profesa Ezekiel, aliyeianzisha maabara yetu, alikuwa na hadubini moja nzuri na walimu vijana wawili. Mimi nilikuwa nimefika kwanza. Filomena alikuja nyuma yangu, amevaa ndala, amebeba mfuko wa plamu kutoka kwao. Akamgawia Profesa Ezekiel, akamgawia mfagiaji, akanigawia mimi. Nikala. Zilikuwa tamu, na hapo hapo nikajua nimepata taabu.

Asubuhi mimi, jioni yeye. Ndivyo tulivyogawana ile hadubini. Mimi nilikuwa natazama ncha moja, naandika, nakwenda kutafuta ncha nyingine nzuri zaidi, kisha nyingine. Yeye alikuwa anachagua moja anakaa nayo. Profesa Ezekiel alisimama nyuma yangu siku moja akasema, "Yunusi, unachagua kama mtu anayenunua nyanya. Simama mahali pamoja ufanye kazi." Baada ya miezi kadhaa ratiba ikabadilika. Filomena akapewa asubuhi na jioni. Mimi nikapewa darasa la mwaka wa kwanza, watu wengi kama siafu, wote wakiuliza kama swali hili litakuja kwenye mtihani.

Niliumia? Niliumia. Nilimchukia? Nilijaribu. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Basi nikangoja chini. Nimengoja hadi nimeota mvi huku chini, na yule wa juu hajateleza. Wakasema pia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikasema vema, tumsifu. Nilikuwa wa kwanza kumpigia makofi kwenye kila mkutano, nikitumaini atalitia maji. Hakutia hata tone.

Wakubwa kati yenu mnakumbuka mwaka ule umeme ulipokatika mjini siku nyingi mfululizo, na jenereta letu likagoma. Kwenye jokofu mlikuwa na kingamwili tulizozingoja miezi mingi kutoka ng'ambo. Hizo ndizo tunazotumia kutambulia protini: kila moja inashika protini moja tu, kama ufunguo na kufuli lake. Zikipata joto, zimekufa, na kazi ya mwaka imekufa nazo. Tukagawana vichupa, kila mtu aokoe vyake.

Mimi, msomi, nikafikiri: baridi ni barafu. Nikakimbilia Mwembesongo kwa wauza samaki, nikanunua barafu ndoo nzima, nikazamisha vichupa vyangu, nikafunika, nikalala usingizi wa mwenye haki. Asubuhi nimefunua, barafu imekuwa maji, maji yana magamba ya sato, na lebo zote zimebanduka zinaelea juu. Vichupa vizima, vimepoa vizuri kabisa. Lakini kipi ni kipi? Hakuna aliyejua, na mimi ndiye niliyejua kidogo kuliko wote. Kwa mwezi mzima wanafunzi walikuwa wakipita mlangoni kwangu wakinusa harufu ya samaki.

Na mtani wangu alifanya nini? Alifanya kama mama yake alivyofanya maisha yake yote akiteremsha mboga sokoni. Akachukua majani mabichi, akayalowesha, akafunga kila kichupa kwenye jani lake: hiki kwenye jani la mgomba, hiki la gimbi, hiki la kabichi, hiki la figili. Akavipanga kwenye tenga, akampa dereva wa lori lililokuwa linarudi Mgeta tupu, avipeleke kwa dada yake kule kwenye baridi ya bure ya Mwenyezi Mungu. Umeme uliporudi, tenga likashuka na karoti juu yake. Akafungua jani moja moja, na kila jani likamwambia jina. Hadi leo, wanafunzi wa zamani wa maabara ile hawaiiti agrini, ile protini ambayo kingamwili yake ilifungwa kwenye jani la kabichi, kwa jina lake. Wanaiita kabichi. Nimewahi kusahihisha mtihani wa shahada ya uzamili umeandikwa, kwa wino, "Neva hutoa kabichi ili msuli ujipange." Nilimpa alama, kwa sababu jibu lilikuwa sahihi. Lakini niliisukuma ile karatasi mbali kidogo nikainuka kunywa maji.

Nawaona wazee wa Mgeta mnacheka kwa raha. Chekeni. Ni binti yenu.

Ningeweza kuvumilia kazi. Kazi ni kazi. Lakini aliniingilia hadi nyumbani. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuja kunitembelea kutoka Tabora na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Nikampeleka kazini kwangu aone mwanawe ni mtu mkubwa. Tumefika mlangoni, mama akageuka kulia! Sijui nani alimfundisha. Filomena akamwamkia, akamketisha, akala michembe yake mikavu kwa furaha kama mtu aliyezaliwa Nzega, na Jumamosi akampandisha Mgeta kuona mapichi yakiwa mtini. Mama akarudi Tabora. Tangu siku ile, kila nikipiga simu, kabla hajaniuliza kama nimekula, alikuwa ananiuliza, "Filomena hajambo?" Mama yangu, ndugu zangu! Mama niliyepewa na Mungu mimi!

Siku alipofariki nilipokea watu wengi, lakini aliyefika Tabora kabla ya mizigo yangu mwenyewe kuteremshwa kwenye gari alikuwa huyu. Alikaa na wanawake wa kwetu jikoni. Hakunipa maneno mengi. Kama mtani alikuwa na haki ya kuchekesha msiba, na watu walimngoja achekeshe, naye akakataa. Alisema, "Leo sina." Wivu wangu siku ile ulikaa kimya, lakini haukuondoka. Ulikuwa unatazama ni kwa nini shangazi zangu wanamlilia yeye begani.

Sasa turudi kwenye ufunguo.

Wiki hii nzima mmekuwa mkinisimamisha njiani. "Hongera Daktari, sasa zamu yako." Hata kijana Luqmani anayeuza vocha getini amenipa hongera. Na sayansi iko upande wenu. Katika panya wachanga imeonekana kwamba ukimwondoa mshindi kabla yule aliyeshindwa hajamaliza kuondoka, yule aliyekuwa anarudi nyuma hugeuka. Alikuwa amenyong'onyea, amekuwa mwembamba kama uzi, na bado anageuka, anatanda, anachukua mahali pote. Niliposoma habari hiyo miaka ile nilisimama nikafunga mlango ili nifurahi peke yangu. Nikasema, Yunusi, subira. Huyu naye atastaafu.

Sasa amestaafu, na wiki hii nimejisikia kabisa nageuka. Nimepita mlango wa kulia nikapima pazia kwa macho. Nimeamua meza itakaa wapi. Nimejaribu kile kiti, alipokwenda kuchukua barua zake. Ni kiti kigumu, mjue, hakina mto.

Basi kwa nini sijakubali?

Kwa sababu kuna sura nyingine ya somo hili, na aliyeifundisha chuoni hapa ni yeye. Kwenye ule mwanya kati ya neva na msuli kumetandikwa utando mwembamba, na ndani ya utando kuna protini zinazokaa pale kama alama ya shamba. Moja ni hiyo kabichi yenu. Nyingine inaitwa laminini. Neva ikikatwa, ncha yake ikafa, zile protini zinabaki. Hata msuli wenyewe ukifa, zile protini zinabaki. Na neva ikiota upya, ikirudi, inafika pale pale pa zamani, na zile protini zinaipokea. Laminini inaiambia ncha: acha kukua, usiende mbele tena, simama hapa, panga vifuko vyako, anza kazi. Ncha inatii. Inajipanga sawasawa na alama ilizozikuta.

Mnaelewa ninachosema? Ncha haichagui umbo peke yake. Inapewa umbo na mahali ilipofikia.

Nilikaa kwenye kile kiti kigumu nikatazama. Ndoano ya kutundikia koti iko chini, kwa kimo cha Mluguru. Vichupa vimepangwa kwa namna ya mboga gengeni, vinavyotumika sana mbele. Wanafunzi wanaingia bila kugonga. Daktari Upendo, mwalimu wetu kijana, aliingia akanikuta pale, hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Kumbe umeshaingia. Panya wa chumba cha pili wamezaa, njoo uwaone." Nami nikainuka nikaenda! Kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimeshachukua koti kwenye ile ndoano ya chini. Mkono uliinama wenyewe.

Nilirudi chumbani kwangu kushoto nikiwa na hasira. Nikamfuata Profesa. Nikamwambia, "Kwa nini uliwatajia wakubwa jina langu? Upendo ana akili kuliko mimi, na anakupenda. Mimi sikupendi hivyo, na unajua."

Alikuwa anafunga vitabu kwa kamba. Hakuinua uso. Akasema, "Upendo ana akili, na zamu yake itafika. Wewe una kijicho. Kila nilichoandika miaka yote hii, wa kwanza kukisoma ni wewe, unatafuta kosa. Wengine walikuwa wananisifu. Na kila ulipolipata kosa ulikuja ukanigongea, ukaniambia mimi, hukwenda kuwaambia watu. Mtani, mimi nimekua kwa kukuogopa wewe. Unafikiri nilikuwa nakaa na ncha moja asubuhi hadi jioni kwa sababu ya uvumilivu?"

Ndugu wageni waalikwa, nilichukua kamba nikamsaidia kufunga vitabu. Maana ni kweli. Nilisoma kila ukurasa wake kwa kijicho, na niligonga kila mara, kwa sababu nilitaka nione uso wake nikimwonyesha kosa. Na kila mara alisema asante, akasahihisha, akawa bora zaidi. Ni mimi niliyemnenepesha! Miaka thelathini na ushei nimekuwa namlisha mshindani wangu kwa mkono wangu mwenyewe, na yeye alijua, mimi sikujua. Hata kuuelewa wivu wangu amenitangulia. Sasa niambieni, mtu wa namna hii unamfanya nini?

Leo asubuhi, kabla sijapanda hapa, nilikwenda pale walipoketi wazee nikamwamkia Mzee Leonard. Nikamwuliza, "Mzee, Mnyamwezi anaweza kurithi jina la kwenu?" Alikuwa anamenya chungwa. Akaniuliza, "Kwani ni zito?" Nikasema, "Kwangu ni zito." Akasema, "Jina halibebwi, baba. Jina ni la kuitikia. Ukiitwa, unaitika, basi." Akanipa kipande cha chungwa.

Profesa Filomena, mtani wangu, nakusifu kama nilivyotumwa. Umeifundisha nchi hii jambo dogo kuliko ncha ya sindano, ukalifanya wazi hadi mkulima wa kabichi akalielewa. Umewalea watu ambao leo wanafundisha Dodoma, Mwanza na Mbeya, na wote wanaita protini kwa majina ya mboga. Hukuwahi kunisema vibaya, nami nimetafuta sana mtu wa kuniambia ulinisema. Kesho utakuwa Mgeta unapalilia njegere zako, hutaki kitu chochote tulicho nacho huku, na nakuonea wivu hata kwa hilo. Mimi bado ninataka. Nimezeeka na bado ninataka.

Najua nikichukua nafasi yako sitaota umbo langu. Nitaota lako. Nitainama kutundika koti. Nitasema kabichi mbele ya wageni kutoka nje. Nitabadilisha pazia, hilo siliachi, lile la maua mekundu nimelivumilia vya kutosha. Lakini nimengoja huku nikirudi nyuma miaka mingi mno, na hapa ndipo mahali penyewe, hakuna pengine. Profesa Ezekiel aliniambia nisimame mahali pamoja nifanye kazi. Nimechelewa kumtii, lakini nimesikia.

Mheshimiwa Makamu Mkuu, uliomba jibu. Nakubali. Mtani, lete ufunguo.

Asante. Una joto, kumbe ulikuwa umeushika muda wote.

Nakushukuru Mheshimiwa mgeni rasmi kwa subira yako. Nawashukuru wazee wa Mgeta kwa kutukopesha binti yenu. Nakushukuru Bi Anastasia na kamati yako kwa kosa lenu zuri. Na ninyi nyote mlionicheka nilipokuwa nasema kweli, nawashukuru kwa masikio yenu. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo.

Lakini namwona Upendo kule nyuma amesimama, na wanafunzi wote wamesimama naye, na wanajifanya wanakohoa. Najua mnachotaka. Haya. Semeni basi, msiogope.

Nimesikia. Semeni kwa nguvu, Mzee Leonard naye asikie.

"Shikamoo, Profesa Filomena."

Marahaba, wanangu. Marahaba.